Barua za Wasomaji: Siku Moja Cambridge na Familia Nzima

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Tunaishi mashariki ya London, mimi, mume wangu na watoto watatu: binti wa miaka 15, mvulana wa miaka 11 na kitinda mimba wa miaka 6. Mwezi wa Agosti mama mkwe wangu atatutembelea kutoka Muheza, Tanga. Ana umri wa miaka 76, magoti yanamsumbua, lakini akili yake ni nzima kabisa. Ameomba jambo moja tu, nalo ni kupelekwa Cambridge, kwa sababu alifanya mtihani wa Cambridge alipokuwa kidato cha nne miaka ya 1960. Mume wangu anaona ni gharama kubwa kwenda kutazama kuta za zamani, na watoto wanasema watachoka. Je, safari hiyo ina faida? Tuipange vipi ili iishe siku hiyo hiyo, na tutapata wapi chakula halali na mahali pa kusali? — Mama wa watoto watatu, London

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nendeni, na mumwache mama mkwe wako awe ndiye mwenye safari. Wageni wengi hufika Cambridge bila kujua wanatafuta nini, wakapiga picha mbele ya lango moja au mawili, kisha wakarudi. Ninyi mnaye mtu mwenye sababu, na sababu hiyo inatosha kuipa siku nzima mwelekeo.

Wazee wetu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar waliposema kwamba fulani “amefaulu Cambridge”, hawakuwa na maana kwamba amesoma Uingereza. Walizungumzia cheti cha kidato cha nne kilichotolewa na bodi ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge, bodi iliyoanzishwa mwaka 1858 na ambayo baadaye ilisambaza mitihani yake katika makoloni. Mwanafunzi wa Tanga aliketi katika chumba cha mtihani, akaandika majibu yake kwa Kiingereza, na karatasi zikasafirishwa Uingereza kusahihishwa na watu ambao hakuwahi kuwaona. Matokeo yalichukua miezi kufika, na ndiyo yaliyoamua nani aendelee na kidato cha tano, nani akasomee ualimu au uuguzi, na nani abaki nyumbani. Mtu aliyepitia hayo hana haja ya kuelezwa kwa nini anataka kuuona mji wenyewe. Bodi hiyo bado ipo, na tangu mwaka 2018 makao yake ni jengo kubwa la kisasa lililo karibu na reli, kusini ya stesheni ya Cambridge. Haliko katika orodha za watalii wala hamtaingia ndani, lakini ningemwomba dereva wa teksi apite hapo polepole kabla ya kuelekea katikati ya mji.

Kuhusu safari yenyewe: kutoka London hadi Cambridge ni takriban kilomita 80. Treni za haraka kutoka King's Cross huchukua kama dakika 50, na za kutoka Liverpool Street, ambazo huenda zikawa karibu zaidi nanyi, huchukua zaidi ya saa moja. Kabla ya kununua tiketi, tafuteni kadi ya punguzo ya reli iliyowekwa kwa ajili ya familia na marafiki. Kadi moja hudumu mwaka mzima, hupunguza theluthi moja ya nauli ya mtu mzima na asilimia 60 ya nauli ya mtoto wa miaka 5 hadi 15, na inaweza kuhudumia watu wazima wanne na watoto wanne katika safari moja. Kwa familia ya watu sita, kadi hiyo hurudisha sehemu kubwa ya bei yake, na pengine bei yote, siku ya kwanza tu. Kumbukeni kwamba siku za kazi haitumiki katika treni za mapema asubuhi, kwa hiyo pangeni kuondoka saa tatu na nusu au baada ya hapo. Epukeni Jumatatu, maana makumbusho mengi ya chuo kikuu hufungwa siku hiyo. Siku yoyote kati ya Jumanne na Jumamosi inafaa.

Stesheni iko mbali kidogo na mji wa kale, kiasi cha dakika 20 na zaidi kwa miguu ya kijana. Mama asitembee. Pandeni basi au teksi mpaka katikati, na nguvu za miguu yake ziwekwe kwa ajili ya mambo yenyewe. Habari njema ni kwamba katikati ya mji ni tambarare, hamna kilima cha kupanda.

Sasa mume wako, na hoja yake ya kuta za zamani. Anayefika Cambridge akiuliza chuo kikuu kiko wapi hupata taabu, kwa sababu hakina lango moja wala uzio mmoja. Kilianza mwaka 1209, pale wanazuoni waliokimbia Oxford baada ya ugomvi mkubwa na wenyeji walipohamia huko, na leo kina vyuo 31, kila kimoja na uwanja wake, bweni zake, maktaba yake na bawabu wake mlangoni. Cha kale zaidi, Peterhouse, ni cha mwaka 1284. Wanafunzi wanalala, wanakula na kufundishwa humo ndani, nyuma ya kuta hizo hizo anazozisema. Ndiyo maana ninawashauri msijaribu kuona vyuo vingi. Ingieni kimoja, mkitazame kwa utulivu, na fedha ya viingilio vya vingine mfanyie jambo jingine.

Mimi ningechagua King's College, kwa ajili ya kanisa lake. Kiingilio cha mtu mzima ni zaidi ya pauni 10, na tiketi inunuliwe mapema katika tovuti ya chuo, ambako pia mtaona kama siku hiyo kanisa litafungwa kwa arusi au ibada maalumu. Kabla ya kuingia, simameni nje na mwambieni mvulana wa miaka 11 autafute mpaka wa rangi katika ukuta. Sehemu ya chini ni ya mawe meupe, na juu yake mawe yanageuka kuwa ya rangi ya maziwa yaliyokolea. Mfalme Henry wa Sita alianza ujenzi mwaka 1446, vita vya kugombea kiti cha ufalme vikamwondoa madarakani mwaka 1461, kazi ikasimama, na walipokuja wafalme wengine kuiendeleza walichimba mawe kutoka machimbo mengine. Ukuta ule unaonyesha waziwazi mahali fedha ilipokatika. Jengo lilimalizika mwaka 1515, na vioo vya rangi vikafuata baadaye. Ndani, mketisheni mama katika kiti na mwambieni atazame juu. Dari lote ni la jiwe, na mbavu zake zinachanua kutoka kila nguzo kama makuti ya mnazi anayoyatazama mtu aliyesimama chini ya shina. Hakuna dari jingine la mtindo huo duniani linalolizidi kwa ukubwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vioo vingi viliondolewa madirishani na kufichwa kwa hofu ya mabomu, kisha vikarudishwa. Kitinda mimba wako akitaka kujua jinsi watu wanavyohamisha dirisha la kanisa, mwambieni ni kipande kwa kipande.

Mkiwa uwanjani mtaona nyasi zilizokatwa vizuri mno na kibao cha kukataza kuzikanyaga. Nawaomba mwalinde watoto kwa hilo, kwa kuwa katika vyuo vingi ruhusa hiyo ni ya wahadhiri wa chuo peke yao, na bawabu hawana mzaha nayo.

Mkitoka King's, jirani yake kabisa kuna jengo jeupe lenye nguzo, ndani ya uzio wa chuma. Hilo ndilo Senate House, lililojengwa kati ya mwaka 1722 na 1730, ambamo wanafunzi hutunukiwa shahada. Kwa kawaida watalii hawaingii, lakini kwa familia inayotoka Muheza ni lazima kusimama hapo. Tarehe 4 Desemba 1857, David Livingstone alitoa hotuba ndani ya jengo hilo, akawaambia wasikilizaji kwamba anarudi Afrika kufungua njia ya biashara na Ukristo, na akawaachia wao kuiendeleza kazi. Matokeo yake ni misheni iliyoundwa na watu wa vyuo vikuu vya Cambridge na Oxford, ile ambayo kwetu ilijulikana kwa herufi za UMCA. Walijaribu kwanza katika bonde la mto Shire, Malawi ya leo, ambako askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862. Kisha wakahamia Unguja mwaka 1864. Ndio waliojenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, ndio waliosomesha vijana Kiungani, na ndio waliofika Magila, hatua chache tu kutoka nyumbani kwa mama mkwe wako, wakaweka shule na hospitali. Askofu wao Edward Steere aliandika na kuchapisha Kiswahili cha Unguja kwa bidii ambayo hata leo inaonekana katika Kiswahili sanifu tunachoandikia gazeti hili.

Sitaki mtu adhani kwamba nasimulia habari hiyo kama sherehe. Njia ya biashara aliyoizungumzia Livingstone ilipitiwa na wengi wasiokuwa na nia njema, na miaka thelathini haikupita kabla ya nchi zetu kuanza kugawanywa. Binti wa miaka 15 anaweza kuelewa mambo yote mawili kwa pamoja. Mwacheni mama aeleze anachokumbuka kuhusu Magila, awe alisoma huko au alitibiwa huko au alisikia tu kengele yake, na binti aandike. Nathubutu kusema kwamba dakika hizo kumi kando ya uzio zitazidi thamani ya tiketi yoyote mtakayonunua siku hiyo.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kona ya Corpus Christi College, kuna saa ya dhahabu isiyo na mishale, na juu yake dude mfano wa panzi linalotembeza miguu na kufunua kinywa kana kwamba linameza dakika. Stephen Hawking ndiye aliyeizindua mwaka 2008. Ni bure, na mtoto wa miaka sita hataondoka hapo kwa hiari.

Chakula cha mchana ningebeba kutoka nyumbani, kwa kuwa mikahawa ya katikati ya mji ni ghali na haina nafasi ya watu sita wakati wa likizo. Sambusa, chapati na chupa ya chai vinatosha. Kaleni Parker's Piece, uwanja mpana wa nyasi ambao, tofauti na zile za vyuoni, mnaruhusiwa kuzikanyaga. Mvulana wako akiwa mpenzi wa kandanda, mjulisheni kwamba wanafunzi wa Cambridge waliandika sheria za pamoja za mchezo huo mwaka 1848, kwa sababu kila mmoja alikuja na kanuni za shule yake na mechi hazikuweza kuchezwa. Sheria hizo zilisaidia kuunda zile za chama cha kandanda cha Uingereza za mwaka 1863. Hapo uwanjani kuna mnara wa ukumbusho wake.

Mchana uwe wa makumbusho, na hapa ndipo hoja ya gharama inapoanguka, maana makumbusho ya chuo kikuu hayatozi kiingilio. Msiende yote. Katika mtaa wa Downing Street yako mawili yanayokaribiana kiasi kwamba mnavuka barabara tu. La kwanza ni la wanyama, ambalo mlangoni mwake imetundikwa mifupa mizima ya nyangumi wa mita 21 hivi, aliyekufa pwani ya kusini ya Uingereza mwaka 1865. Mama anaweza kuketi chini yake watoto wakizunguka. La pili ni la akiolojia na anthropolojia, nalo ndilo ningewasihi msilikose. Humo mna zana za mawe kutoka Olduvai, zilizopatikana na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya aliyesoma hapo Cambridge, katika chuo cha St John's. Kwa macho ya haraka ni mawe ya kawaida tu. Mwambieni mtoto aangalie ukingo: utaona mahali jiwe lilipogongwa kwa jiwe jingine, kibanzi kikatoka, kisha likageuzwa na kugongwa tena upande wa pili, hata likapata makali ya kukatia nyama. Zana za kale zaidi za Olduvai zina umri wa takriban miaka milioni 2. Watoto wanaokua London huona vitu vya Afrika Mashariki katika makabati ya kioo bila kuambiwa kwamba Olduvai ni mahali halisi, katika mkoa wa Arusha, ambapo mtu anaweza kupanda gari akafika. Bibi yao awaambie.

Kuhusu mto: nyuma ya vyuo unapita mto Cam, na mtashawishiwa sana barabarani mpande mashua bapa zinazosukumwa kwa upondo. Safari hudumu chini kidogo ya saa moja, na kutoka majini ndipo mtu anapoona vyuo vizuri zaidi kuliko barabarani, likiwemo daraja la mawe la Clare College la mwaka 1640. Shida ni magoti ya mama. Kiti kiko chini sana, na kushuka na kupanda kunahitaji mguu imara. Piga simu kampuni ya mashua kabla, uliza gati lenye ngazi fupi na kama watamsaidia. Wakisita, mume wako aende na watoto, wewe na mama mpumzike ukingoni. Weka nafasi mapema mtandaoni, kwa sababu bei inayotajwa barabarani huwa si ile ya mwisho wala si ya chini.

Kwa sala na chakula cha jioni, elekeeni Mill Road, mtaa wa maduka na mikahawa ya watu wa mataifa mengi, ambako chakula halali hakitafutwi kwa tochi. Msikiti mkuu wa Cambridge uko huko huko, ulifunguliwa mwaka 2019, nao peke yake unastahili safari. Nguzo zake za mbao hupanda kutoka sakafuni, zikajigawa na kusukana juu mpaka zikawa dari, na mwanga wa jua huingia kati yake. Mbele kuna bustani yenye maji, na wanawake wana nafasi yao. Sala ya alasiri mwezi wa Agosti huwa karibu na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ikiwekwa mwishoni inawapa mapumziko kabla ya treni, na stesheni haiko mbali.

SWALI: Sisi tunakaa Leicester na likizo yangu ni katikati ya Mei tu. Nimesikia vyuo vya Cambridge hufungwa wakati huo. Je, tusubiri? — Msomaji, Leicester

JIBU: Ni kweli kwamba kati ya Aprili na Juni vyuo vingi hufunga au hupunguza saa za wageni, kwa kuwa wanafunzi wanajiandaa na mitihani na kuifanya. Heshimuni hilo, wala msimwombe bawabu awapenyeze. Hata hivyo, Mei ina neema ambayo familia ya Agosti haitaipata: ni wakati wa muhula, na kwaya ya King's College huimba katika ibada ya jioni karibu kila siku. Ibada hiyo haina kiingilio. Mnajipanga nje, mnaingia, mnakaa kimya, na sauti za wavulana zinapanda katika dari lile lile ambalo mchana watalii hulilipia. Anayependa muziki, awe Mkristo au la, ataridhika. Mchana fanyeni makumbusho, soko la katikati ya mji na ukingo wa mto, kisha muwe kwenye foleni mapema. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia saa nzima abaki nje na mzazi mmoja.

SWALI: Mhariri, naandika kutoka Mombasa. Binti yangu wa miaka 17 atakuwa kwa shangazi yake London Julai, na shangazi ameahidi kumpeleka Cambridge kwa siku moja. Ana ndoto ya kusoma huko. Je, akifika anaweza kuonana na wahusika na kuingia darasani? — Baba, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, akienda kama mtalii hataonana na mhusika yeyote, na mihadhara ya kawaida haifanyiki Julai. Lakini mwezi huo una nafasi nzuri kuliko utalii. Chuo kikuu huweka siku za wazi, kwa kawaida Julai na Septemba, ambapo vyuo hufungua milango bila malipo, wahadhiri hueleza masomo yao, na wanafunzi waliopo hujibu maswali. Shangazi aangalie tarehe sasa hivi na amwandikishe, kwa sababu nafasi za baadhi ya vipindi huisha.

Mwambie binti asipoteze siku yake kwa vyuo vya King's na Trinity peke yake. Avuke mto aende Newnham, chuo kilichoanza mwaka 1871 kwa ajili ya wanawake na ambacho hadi leo hupokea wanawake tu. Matofali yake mekundu na bustani yake havifanani na kitu kingine mjini. Wanawake walisoma na kufanya mitihani Cambridge kwa miongo mingi bila kupewa shahada kamili, hadi mwaka 1948. Akiwa hapo aulize maswali magumu: alama zinazotakiwa kutoka mtihani wa Kenya kwa somo analolitaka, kama zinakubaliwa au atahitaji mwaka mwingine wa masomo, na ada ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo ni kubwa kupita kiasi cha familia nyingi. Misaada mikubwa inayojulikana kwetu, kama ile ya Gates Cambridge, ni ya shahada za juu, si ya shahada ya kwanza, na ni vyema wewe na yeye mlijue hilo kabla ya kupanga. Maombi ya shahada ya kwanza hufungwa tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Akirudi Mombasa Agosti, atakuwa na wiki chache tu za kuandika maelezo yake na kumpata mwalimu wa kumwandikia barua.